Mwizi Hauzi Goli, Anauza Kilo

Goli la mpira wa miguu lina upana wa mita 7.32 kati ya nguzo na nguzo, na kimo cha mita 2.44 kutoka ardhini hadi chini ya mwamba. Vipimo hivi kila kocha wa Tana Delta, huku pwani ya Kenya, anavijua. Hesabu ambayo wachache huipiga ni ya uzito. Chukua bomba la inchi tatu lenye ukuta wa milimita 3: kila mita yake ina takriban kilo 6.4. Jumlisha nguzo mbili, mwamba, na ile sehemu ya nguzo inayofukiwa, utapata mita kama 14, yaani karibu kilo 90 za chuma. Uwanja una magoli mawili. Kwa hiyo katika kijiji kama Hewani, usiku na mchana, pasipo ukuta wala mlinzi, zinaweza kusimama kilo 180 za chuma kilichopakwa rangi nyeupe ili kionekane kwa mbali.

Ndivyo mwizi anavyouona uwanja. Hana haja na goli, na hakuna timu itakayolinunua kwake. Anayenunua kwake ni mwenye mizani, na mizani haiulizi kama kile kipande kilikuwa mwamba, mlango wa choo cha shule au mkono wa pampu ya maji. Nasisitiza jambo hili mapema kwa sababu mazungumzo yote ya ulinzi wa vifaa vya michezo hapa kwetu huanzia kwenye kufuli na kuishia kwenye mlinzi wa usiku. Tunapaswa kuanzia kwenye kilo. Ukiweza kuziharibu zile kilo, zikawa hazibebeki, hazikatiki kimyakimya au hazinunuliki, umemaliza sehemu kubwa ya kazi kabla hujaajiri mtu.

Kwamba biashara hii ya vyuma chakavu si ndogo, Wakenya walilijua vizuri mwaka 2022. Tarehe 11 Januari umeme ulikatika karibu nchi nzima baada ya milingoti ya laini kubwa ya Kiambere kwenda Embakasi kuanguka huko Imara Daima, Nairobi. Vyuma vyake vilikuwa vimenyofolewa. Kabla ya mwezi huo kwisha, Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu, ndani ya nchi na ya kwenda nje, na marufuku hiyo ikaondolewa Mei baada ya kutungwa masharti mapya. Sheria yenyewe ilikuwapo tangu 2015. Ndiyo iliyounda Baraza la Vyuma Chakavu, na inamtaka mnunuzi awe na leseni na aweke kumbukumbu ya anachonunua na anayemuuzia. Ikiwa mlingoti wa laini ya umeme inayolisha mji mkuu unaweza kufunguliwa bolti moja moja hadi uanguke, goli la kijiji lenye bolti nne halina muujiza wa kulikinga.

Kuna mchezo mmoja wa ng'ambo ambao watu wake wamelazimika kulifikiria tatizo hili zaidi kuliko sisi, nao ni gofu ya visahani. Badala ya mpira na fimbo, mchezaji anarusha kisahani cha plastiki kisichozidi gramu 200, na badala ya shimo kuna kikapu cha chuma juu ya nguzo, chenye minyororo inayoning'inia ili kisahani kikigonga kitulie na kuanguka ndani. Uwanja wa kwanza wa kudumu uliwekwa Oak Grove, California, mwaka 1975, na Ed Headrick, mtu aliyekuwa na mkono katika yote mawili, alipata hataza ya kikapu chake mwaka 1977. Uwanja huwa na vikapu 9 au 18, vimetawanyika vichakani na mabondeni katika bustani za umma, vingine mbali na macho ya mtu yeyote. Kikapu imara cha kudumu kinakaribia kilo 20 au kupita. Piga hesabu utaona kwamba uwanja wa vikapu 18 una chuma kingi kuliko magoli yetu yote mawili, tena kimegawanywa tayari katika mizigo ambayo mtu mmoja anaweza kuibeba.

Njia yao ya kawaida ni hii. Bomba fupi huzikwa ardhini ndani ya zege, mdomo wake ukiwa sawa na uso wa nchi. Nguzo ya kikapu huingia ndani ya bomba hilo, na pale zinapokutana kuna masikio mawili ya chuma yenye tundu ambamo hupita kufuli. Sababu ya kutochomelea moja kwa moja ni kwamba wanapenda kuhamisha vikapu: shimo moja la mchezo linaweza kuwa na mabomba mawili au matatu ya ardhini, kikapu leo kikae hapa na mwezi ujao pale, ili nyasi zipumzike na mchezo ubadilike. Kufuli basi ni gharama ya uhuru wa kuhama. Na hapo ndipo udhaifu ulipo, kwa kuwa kufuli la bei nafuu hukatwa kwa mkasi wa chuma kwa muda mfupi sana. Wasimamizi makini hukifunika kiungo kwa kipande cha bomba ili mkasi usifike, na sehemu zisizohitaji kuhama huchomelea kabisa.

Sisi tuna somo letu wenyewe la aina hii, na liko karibu zaidi kuliko California. Ni pampu ya mkono ya Afridev, ambayo miaka ya 1980 ilifanyiwa majaribio ya vijijini huko Kwale, katika mpango ulioungwa mkono na Umoja wa Mataifa na Benki ya Dunia. Waliobuni pampu hiyo walitaka kijiji kiweze kuitengeneza chenyewe, wanawake wanaoteka maji wakiwa mbele, bila kusubiri gari la serikali. Ndiyo maana karibu kazi yote ya kuifungua hufanywa kwa spana moja. Ilikuwa fikra nzuri sana na imewaokoa watu wengi wasirudi mtoni. Lakini spana inayomsaidia mama wa kamati ya maji inamsaidia mwizi vilevile. Kilichoipunguzia Afridev hatari ni kwamba bomba linaloshuka kisimani ni la plastiki. Mwenye mizani hana haja nalo. Linganisha na pampu za India Mark II, zilizoenea sana Uganda, ambazo mabomba yake ya kisimani ni ya chuma kilichochovywa zinki. Hapo kila mita unayoivuta juu ni kilo za kuuza.

Sasa rudi uwanjani. Pampu lazima ifunguliwe mara kwa mara, maana mipira yake ya ndani huchakaa. Kikapu cha gofu lazima kihamishwe. Goli la Hewani halifunguliwi wala halihami. Basi hakuna sababu hata moja ya kulifunga kwa bolti, isipokuwa urahisi wa fundi siku ya kulisimamisha. Goli likitengenezwa Garsen kisha likasafirishwa vipande vipande, fundi atapendelea bolti kwa sababu hataki kubeba mashine ya kuchomelea na jenereta hadi kijijini. Mlipeni safari hiyo. Akishindwa kabisa kuja, nati zikishakazwa pigeni ncha ya bolti iliyobaki nje kwa nyundo nzito hadi nyuzi zake ziharibike na kutanuka; nati haitarudi nyuma tena kwa spana yoyote. Kazi hiyo haihitaji umeme wala pesa.

Tukianza chini, ardhi ya delta ni adui wa kwanza, kabla ya mwizi. Sehemu kubwa ya bonde hili ina udongo mweusi mzito wa mfinyanzi, ule unaopendwa na mpunga. Mvua ikinyesha unavimba. Kiangazi kikikaza unapasuka, na nyufa zake huwa pana kiasi cha kupitisha mkono. Nguzo iliyofukiwa sentimita 40 na zege kidogo la kuzungushia shingo hulegezwa na udongo wenyewe. Baada ya misimu miwili hivi utaiona imeanza kuyumba, na kati ya zege na udongo kuna pengo la kuingiza kidole. Vijana wawili wakiisukuma huku na huku inang'oka pamoja na donge lake. Watu husema goli limeibwa. Kwa kweli lilikuwa limeshang'olewa na kiangazi, mwizi alikuja kuokota.

Shimo liende chini mita moja, na liwe pana zaidi chini kuliko juu, mfano wa chungu: sentimita 40 mdomoni, 60 kitakoni. Kitako hicho kipana kikijaa zege hakivutiki juu, na hata udongo ukivimba haupati pa kukinyanyulia. Shimo moja litameza zege la karibu kilo 450, na kwa mchanganyiko wa kawaida wa saruji moja, mchanga mbili na kokoto nne, mashimo manne ya uwanja mzima yanahitaji mifuko mitano au sita ya kilo 50. Kabla ya kuisimamisha nguzo, fundi achomelee kwenye mguu wake vipande viwili vya nondo ya milimita 12, vya sentimita 30 kila kimoja, vikikatana kama msalaba. Bila msalaba huo bomba laini linaweza kuzungushwa ndani ya zege na kuvutwa juu taratibu.

Mahali ambapo bomba linatoka ardhini paangaliwe kwa jicho la pekee. Chuma hakiozi sana kikiwa chini kabisa, pasipo hewa, wala kikiwa juu kikikauka haraka. Huoza pale maji na hewa vinapokutana, katika ule ukanda wa sentimita kumi chini na kumi juu ya uso wa nchi. Kata nyasi kwenye shina la goli la zamani, kwaruza rangi kwa kisu, na utaona maganda ya kutu yakibanduka kama gome huku juu yake bomba likiwa zima. Kwenye delta, ambako mto hupanda uwanjani na maji hukaa siku nyingi, kama ilivyokuwa kwenye mafuriko ya mwishoni mwa 2023 yaliyokata barabara ya Garsen kwenda Lamu, ukanda huo huliwa haraka. Paka lami ya moto kuanzia sentimita 30 chini hadi sentimita kumi juu ya uso wa nchi, na zege liishie juu kwa mteremko mdogo unaomwaga maji nje badala ya kuyakusanya kwenye shingo ya bomba. Usiliinue zege kuwa kisiki. Mlinda lango ataanguka juu yake.

Halafu jaza nguzo. Hili ndilo ningelichagua kama kijiji kingeniambia kina pesa ya jambo moja tu. Bomba la inchi tatu lenye kimo cha mita 2.44 linameza zege la karibu kilo 30. Linamwagwa kutoka juu, huku mtu mmoja akiligonga bomba kwa kipande cha ubao ili hewa itoke, na katikati unashusha nondo moja ndefu. Kabla ya kujaza, mwizi mwenye msumeno wa chuma wa mkono angeikata nguzo hii kwa utulivu, akipaka oili kidogo meno yasilie. Baada ya kujaza, msumeno unapita chuma cha milimita 3 kisha unakutana na mchanga na kokoto, na meno yake yanakwisha. Itabidi alete grainda. Grainda inataka umeme au betri, inatoa cheche, na usiku wa bonde tulivu kelele yake inafika kijiji cha pili. Hata akifanikiwa kukata, anachobeba ni kipande kizito chenye zege tumboni, ambacho mnunuzi hatakipima kabla hakijavunjwa na kusafishwa.

Mwamba usiujaze kamwe. Mwamba mtupu una karibu kilo 48. Ukiujaza unaupa uzito wa kuupinda katikati, na ukianguka unaua. Sheria ya kwanza ya mchezo inataka magoli yashikizwe ardhini kwa uimara kwa sababu hiyo hiyo: watoto huning'inia. Katika nchi nyingi watoto wamekufa kwa kuangukiwa na magoli yasiyofungwa vizuri, na mwizi anayefungua bolti mbili usiku akakatishwa kazi na mbwa anaacha mtego kwa watoto wa asubuhi. Kwangu mimi hiyo ni sababu tosha ya kuliweka jambo hili mbele ya mkutano wa wazazi, hata kama hakuna aliyewahi kuiba kitu.

Kuhusu kiungo cha mwamba, mabomba yanauzwa kwa urefu wa mita sita, kwa hiyo mwamba wa goli kubwa lazima uungwe. Mafundi wengi huunga katikati kwa kupenda ulinganifu, na katikati ndipo mwamba unapobeba mzigo mkubwa wa kupinda. Bomba zima la mita sita litumike, kisha kipande cha mita moja na nusu kiungwe upande mmoja, na ndani ya kiungo kiingizwe bomba jembamba la nusu mita kabla ya kuchomelea. Kwa mpangilio huo mabomba matatu yanatosha goli zima.

Alama ni jambo ambalo watu hulifanya nusu nusu. Rangi haifai, inakwanguliwa. Fundi aandike jina la kijiji kwa welding yenyewe, herufi za chuma kilichoyeyushwa juu ya bomba, HEWANI, na aliandike tena na tena kila baada ya nusu mita, nguzo zote na mwamba wote. Sababu ya kurudia ni kwamba goli halifiki kwa mnunuzi likiwa goli. Linafika likiwa vipande vinavyoenea kwenye gunia nyuma ya pikipiki. Jina likiwa mahali pamoja, mwizi anatupa kipande hicho mtoni na kuuza vingine tisa. Likiwa kwenye kila kipande, itambidi ayasage yote, na alama ya kusagwa nayo ni ushahidi. Fundi mwenye mkono mwepesi anaimaliza kazi hii kwa siku moja.

Wako watakaouliza kwa nini tusiache chuma kabisa. Ni swali la haki, na katika vijiji vyenye mfuko mwembamba ningeshauri hivyo. Mvinje inayopandwa kwa wingi Kilifi na Malindi hutoa nguzo ndefu zilizonyooka, na hakuna mwenye mizani anayenunua mti. Mathenge, ambayo ililetwa kwenye skimu za Bura na Hola na sasa imekuwa balaa la malisho, ina ubao mgumu sana. Shina lake haliwi refu na nyoofu kiasi cha mwamba, lakini likichaguliwa vizuri linatosha nguzo za viwanja vidogo vya watoto. Tatizo la mti ni mchwa na maji ya mto, na goli la mti litahitaji kubadilishwa baada ya miaka michache. Mwizi wa mti naye yupo: ni mwenye jiko la kuni, na yeye huwa ni jirani.

Wavu ni habari nyingine. Huibwa kwa matumizi, maana unafaa kuzungushia kuku au kufunika shehena. Hakuna ufundi wa kuulinda zaidi ya kuuvua kila baada ya mechi na kuuweka kwa mtu anayejulikana, jina lake likiandikwa kwenye daftari la timu.

Uwanja wa shule huwa peke yake wakati wa likizo, Aprili, Agosti na Desemba, na hapo ndipo kamati ya shule, mzee wa kijiji na watu wa ulinzi wa mtaa wa Nyumba Kumi wanapotakiwa kugawana zamu za kupita. Uwanja unaochezewa na vijana wa Kipokomo na wa Kiorma kwa pamoja uko salama zaidi kuliko wa upande mmoja, kwa sababu macho yanayoulinda yanatoka kila upande, ya mkulima anayerudi shamba na ya mchungaji anayepitisha ng'ombe alfajiri. Wazee wa Gasa, baraza la Wapokomo, na wenzao wa Kiorma waliokwisha kukaa pamoja kwa mambo mazito ya ardhi na malisho hawatashindwa kukubaliana kwamba chuma cha uwanja hakinunuliwi na yeyote.

Na wewe unayenunua vyuma Garsen, Minjila au Malindi, sheria tayari inakutaka umwandike anayekuuzia. Ukiletewa gunia, ukatoa kipande chenye herufi za kuchomelewa au kilichosagwa upande mmoja kikang'aa, usikiweke kwenye mizani. Mzuie aliyekileta kwa maneno, na umpigie chifu.